Mbona hawakwenda Tanga?

Januari 27, 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani, waliotaka uchaguzi wa Zanzibar wa 2000 urudiwe. Watu zaidi ya 30 waliuawa Unguja na Pemba. Wapemba zaidi ya 2,000 wakavuka kwa vyombo vya baharini hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa sasa inawatoa yenyewe. Ubishi ukabaki barazani: wale walikuwa wakimbizi kweli, au watoro?

Wanaokataa wana hoja. Kuvuka kwenda Kenya si jambo geni Pemba. Wavuvi huenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, kule, na wengine walilowea tangu enzi za ukoloni. Vizazi vyao vimeishi bila uraia mpaka Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Hao hakuna anayewaita wakimbizi. Tena maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku, na askari polisi naye aliuawa Pemba. Anayekimbia kesi ya mauaji hawezi kujificha nyuma ya Mkataba wa Geneva wa 1951 unaolinda wakimbizi.

Sawa, lakini hao ni wangapi katika elfu mbili? Mkataba unataka hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Aliyesakwa nyumbani kwake Wete, Pemba, kwa kuwa tu ni CUF anaingia humo bila kusukumwa. Mgumu ni mama asiye na kadi ya chama, asiyeandamana, aliyebeba mtoto akapanda mashua kwa kusikia mabunduki. Huyu ndiye anayeulizwa: mbona hukwenda Tanga, si nchi yako?

Jibu lake limo katika mkataba wa wakimbizi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969. Huo unamtambua pia anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, yawe katika nchi nzima au sehemu yake. Pemba ni sehemu. Isitoshe, polisi wa Wete na wa Tanga ni jeshi moja, amri moja, kwa hiyo swali la Tanga, kwangu mimi, ni dhaifu kuliko linavyosikika. Na waliomnunia Mkenya wakumbuke kuwa mkataba huohuo unasema kutoa hifadhi si kitendo cha uadui.

Ninapokubaliana na serikali ni kwenye muda. CCM na CUF walitia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mgogoro huo, Oktoba 2001, na wengi walikuwa wamesharudi kupitia UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Hifadhi hukoma hali iliyomkimbiza mtu ikibadilika kweli. Wachache walibaki Dadaab, kambi ya wakimbizi huko Kenya, baadaye wengine wakaishia Somalia, nao huambiwa wameng'ang'ania tu. Huenda wapo. Ila aliyemtambua askari aliyempiga, na bado anamjua kituo chake, saini za viongozi wa vyama hazikumbadilishia kitu. Kesi yake ilistahili kusikilizwa peke yake, si kufungwa kwa jumla.