Turbo kubwa kwenye injini ya rota: hewa ya Arusha inadai nini, barabara inaruhusu nini

Anayefikiria kufunga turbo kubwa (kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani yake) kwenye Mazda RX-7 akiwa Arusha ana hoja ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana, nayo ni hewa. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 86, wakati pwani ni 101. Mji wa Moshi, kati ya mita 800 na 900, unabaki na kama 92. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa kuwa Arusha tu. Ndiyo maana wapenzi wa turbo kubwa husema huku juu hakuna cha kujadili. Kipo. Hoja ya mwinuko inasimama vizuri upande wa turbo unaosukuma hewa. Upande unaoendeshwa na moshi inaanza kuyumba.

Tuchukue 13B-REW, injini ya RX-7 ya mwisho iliyouzwa hadi 2002. Badala ya pistoni ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, kila chumba sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Kadi ya gari itaandika lita 1.3, lakini kwa kila mizunguko miwili ya shafti injini hii inavuta hewa sawa na injini ya pistoni ya lita 2.6. Ukichagua turbo kwa kuangalia kadi, umekosea kabla hujafungua boneti.

Tuseme lengo ni karibu nguvu farasi 500. Kwa hesabu ya kawaida, injini inahitaji shinikizo kamili la kama kilopaskali 220 ndani ya manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye injini. Pwani hiyo ni busti (shinikizo linalozidi la hewa ya nje) ya bar 1.2, na turbo inazidisha shinikizo mara 2.2. Arusha, ili kufika palepale, busti inakuwa bar 1.35, na ukiongeza upotevu wa filta turbo inazidisha mara 2.65. Mji wa Moshi unakaa katikati, kama 2.45. Tofauti hiyo inaonekana kwenye joto. Turbo inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 74, ikivuta hewa ya nyuzi 25, itaitoa ikiwa na nyuzi kama 125 pwani na kama 155 Arusha. Turbo ndogo iliyokimbizwa hadi ufanisi ukashuka kwenye asilimia 65 itaitoa ikiwa juu ya nyuzi 170. Intakula, kipoza hewa kinachofuata baada ya turbo, inapunguza joto hilo, lakini nayo inapozwa na hewa hiyohiyo nyepesi kwa asilimia 15. Kwa hiyo anayesema turbo mbili za kiwandani, zilizokusudiwa busti ya takriban bar 0.7, hazifai kusukumwa sana Arusha, yuko sahihi. Zinageuka hita.

Kuna hoja ya pili inayotetea ukubwa, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko ya mwinuko, ingawa husikika mara chache. Kwenye 13B tundu la moshi liko kwenye ukuta wa hauzingi, yaani ganda ambamo rota inazunguka, na kuna muda mfupi ambapo moshi na hewa mpya vinakutana. Turbini, upande wa turbo unaozungushwa na moshi, ikiwa finyu, shinikizo linajaa kati ya injini na turbo, na moshi wenye joto la nyuzi 900 na zaidi unarudi chumbani. Hewa mpya inachafuka na kupata joto, kisha mchanganyiko unawaka kabla ya wakati. Pistoni inaweza kuvumilia kugonga kwa muda. Sili ya ncha ya rota, yenye unene wa milimita 2, inaweza kuvunjika kwa tukio moja. Fundi makini ataweka sensa ya shinikizo kabla ya turbini na kulinganisha na busti: uwiano wa 1.5 kushuka ni mzuri, ukipita 2 turbini ni ndogo hata kama gari linachanganya vizuri. Bahati mbaya wengi hununua geji tatu za kupamba dashibodi na kuiacha hii moja.

Sasa upande wa pili. Turbini inaamshwa na uzito wa moshi unaopita, na kabla busti haijaanza, injini ya Arusha inavuta hewa pungufu, hivyo inatoa moshi pungufu. Hewa nyepesi nyuma ya turbini inasaidia kidogo turbo ikishaamka, lakini haiiamshi. Turbo ileile itashika kwa kuchelewa zaidi Arusha kuliko Tanga.

Hesabu ya gia inaonyesha maana yake barabarani. RX-7 ya mwisho ya gia za mkono ina gia ya tatu ya 1.391 na difu ya 4.1. Kwa tairi za 225/50 R16, mizunguko 4,000 kwenye gia hiyo ni kama kilomita 83 kwa saa, na 5,000 ni kama 104. Turbo yenye mdomo wa hewa wa milimita 62 hadi 66, mfano BorgWarner S362 au S366, ikiwa na hauzingi ya turbini ya A/R (kipimo cha upana wa njia ya moshi) 0.91 au 1.00, hutarajiwa kufika busti kamili mahali fulani karibu na 4,000 hadi 4,500. Ukipanda hadi milimita 72 na kuendelea, jiandae kwa 5,000 au zaidi, na kikomo cha injini ni kama 8,000 au 8,500. Barabara ya Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80, na sehemu kubwa inapita kwenye makazi: Tengeru, Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe. Humo ni kilomita 50 kwa saa, matuta, bodaboda na trafiki. Gari ambalo turbo yake inaamka kwenye 104 litatembea njia nzima kama gari lisilo na turbo lenye kelele.

Kwa mbio za vumbi, ambazo ndizo mikoa hii inazipenda, hoja dhidi ya ukubwa ni nzito zaidi. Dereva wa rali anaachia na kukanyaga mafuta kila kona, na anahitaji nguvu pale anapokanyaga, si sekunde moja baadaye. Subaru na Mitsubishi hazikupata sifa kwenye vumbi kwa turbo kubwa. Turbo ya 70 na zaidi ina maana kwenye lami iliyonyooka na iliyofungwa kwa ajili ya mashindano, basi.

Wapinzani wa turbo kubwa wakati mwingine wanailaumu turbo kwa makosa ya vitu vinavyoizunguka. Mafuta ndiyo ya kwanza. Rota ina ulafi: kwa nguvu farasi 500 inahitaji karibu lita 200 za petroli kwa saa, yaani lita 3.3 kwa dakika mguu ukiwa chini. Nozeli za petroli za kiwandani, mbili za 550 na mbili za 850, jumla yake ni sentimita za ujazo 2,800 kwa dakika. Hazitoshi hata zikifunguka muda wote, na hazitakiwi kupita asilimia 80. Mpangilio unaokubalika ni mbili za 850 na mbili za 1,680, jumla 5,060. Pampu nayo isomwe kwa uwezo wake kwenye shinikizo la kazi: bar 3 za msingi jumlisha busti ya 1.35 ni 4.35, na namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa chini ya hapo. Pampu mbili za lita 340 kwa saa, zenye waya mpya nene na rilei yake, ni salama kuliko moja inayojikaza.

Halafu westigeti, mlango unaopitisha moshi wa ziada pembeni ya turbini ili kudhibiti busti. Rota inatoa moshi mwingi kiasi kwamba mlango mdogo unashindwa kuutoa, na busti inapanda yenyewe hata ukiwa umeiwekea kikomo. Tumia moja ya milimita 60, au mbili za 44 hadi 46, na mabomba yake yaungwe kwenye manifoldi kwa pembe ya kufuata mkondo wa moshi. Likiungwa kwa pembe mraba, moshi unalipita tu. Manifoldi iwe ya chuma cha pua chenye ukuta mnene, na turbo iwe na mkono wa kuishikilia kwenye injini. Kuning'iniza turbo yote kwenye uchomeleaji ni kuomba ufa. Bomba linalotoka kwenye turbini lisipungue inchi 3.5. Oili ya turbo irudi kwa bomba la milimita 16 hadi 19 kwa ndani, likishuka bila kona ya kupanda. Turbo nyingi zinazovuja moshi wa bluu hazina ubovu wowote, bomba la kurudisha ndilo limekaa vibaya.

Rota pia inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili. Pampu ya oili ya kiwandani ikiondolewa, changanya mililita 300 za oili ya 2T (ya injini za two-stroke) kwa kila lita 40 za petroli. Ikiwa bado inafanya kazi, nusu ya hapo inatosha. Filta ya hewa ndiyo sehemu ambayo watu wa hapa hawana ruhusa ya kubana matumizi. Turbo kubwa yenye mdomo wazi inapendeza kwenye picha, ila vumbi la Kisongo linakula ncha za mapanga yake na kisha linachuna ukuta wa hauzingi.

Ukuta huo ndio unaobadilisha hesabu ya gharama. Injini ya pistoni ikichunika, karakana ya kuchonga pale Unga Limited, Arusha, itapanua silinda na kuweka pistoni za saizi inayofuata. Hauzingi ya rota imepakwa kromu, na haichongwi kwenda saizi nyingine. Inatupwa, inaagizwa. Sili ikivunjika haibaki peke yake: kipande kinapita kwenye tundu la moshi na kugonga mapanga ya turbini, kwa hiyo turbo nayo ikaguliwe panga moja moja kabla ya kurudishwa. Juu ya nguvu farasi 450 hadi 500 injini yenyewe inaanza kujipinda, na bamba la chuma la nyuma ya injini linaweza kupasuka kwenye pini ya kulenga. Anayetaka kupita hapo anunue pini za ziada na boliti nene kwanza, turbo baadaye.

Kabla ya yote hayo pimwe kompresheni (mbano wa hewa chumbani), kwa kipimo cha rota kinachoonyesha nyuso zote tatu. Hapa mwinuko unawapotosha watu. Kwa RX-8, gari jingine la Mazda lenye injini ya rota, kiwango cha chini cha Mazda ni kilopaskali 680 kwenye mizunguko 250. Injini ileile iliyo kwenye mpaka huo pwani itasoma kama 575 Arusha kwa sababu hewa inayoingia ni pungufu. Asiyesahihisha atakataa injini nzima. Mbaya zaidi ni muuzaji anayeijua hesabu hii na kuitumia kutetea injini mbovu. Dawa yake ni kuangalia tofauti kati ya nyuso za rota moja, ambayo haitakiwi kuzidi 150, mwinuko wowote.

Kwa RX-8 yenyewe, mjadala ni mfupi. Injini yake ina matundu ya moshi pembeni, la katikati likiwa la pamoja kwa rota mbili na lenye kupata joto sana, na kompresheni ni 10 kwa 1 badala ya 9. Turbo ya wastani kwa busti ndogo, sawa. Turbo kubwa hapo ni pesa iliyopotea; anayetaka nguvu hizo aweke 13B-REW.

Kwa RX-7 ya barabarani Arusha, ningeshauri milimita 62 hadi 66 na nisingepanda zaidi. Mwinuko unatoa sababu ya kutoka kwenye turbo za kiwandani, lakini hautoi sababu ya kuruka hadi 72 au 76, kwa sababu kile unachopata kwenye joto la hewa unakirudisha kwenye kuchelewa. Anayeishi Moshi ana nafasi kidogo zaidi ya kucheza, ingawa uwiano wa 2.45 unaangukia turbo zilezile.

Upangaji wa kompyuta ya injini ndio unaoamua kama injini itaishi. Wakati wa busti, sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, au petroli kidogo zaidi ya hapo. Plagi zote nne ziwe namba 9 za NGK kwenda juu kwa ubaridi. Za kiwandani za mbele (zinazowaka kwanza), namba 7, zina joto mno kwa kazi hii. Plagi za nyuma ziwake nyuzi 12 hadi 15 za mzunguko wa shafti baada ya za mbele. Petroli ya kupangia iwe ileile itakayonunuliwa kila wiki.

Na busti ipangwe kwa shinikizo kamili, kwa sensa ya bar 3, si kwa geji inayosoma tofauti na hewa ya nje. Springi ya westigeti haijui mwinuko. Gari lililopangwa Arusha kwa bar 1.35 lina kilopaskali 221 kwenye manifoldi. Likishuka Tanga na 1.35 ileile litakuwa na 236, kwenye hewa ya nyuzi 32, na ramani ya mafuta (jedwali la kompyuta la kiasi cha petroli) huenda haijawahi kuguswa huko juu. Weka springi ya bar 0.7 hadi 0.8, mwachie kompyuta kuongeza iliyobaki hadi 220, na kikomo cha kukata mafuta kiwe 230. Kisha safari ya kwanza ya kushuka, soma rekodi ya kompyuta pale Same, na tena Korogwe, kabla ya kukanyaga mafuta yote.