Chimwaga ni kubwa, sisi tulijifungia

Siku niliyoripoti Chuo Kikuu cha Dodoma nilikuwa na begi moja na ndoo mpya iliyojaa vyombo. Konda akaniuliza, "Dada, unashukia ndaki gani?" Nikabaki namtazama. Mimi nilijua nakwenda chuo, basi. Sikujua kwamba kimegawanywa katika ndaki, yaani vyuo vidogo ndani yake, na kwamba ukiwa ndani ya chuo chenyewe bado kuna safari. Eneo lake ni kama hekta 6,000 za vilima vya Chimwaga, mashariki mwa mji, na kilipoanzishwa mwaka 2007 kilikusudiwa kuja kubeba wanafunzi 40,000. Ndaki zimeachana hasa. Ukitoka moja kwenda nyingine kwa mguu wakati wa kiangazi, unafika viatu vimebadilika rangi kwa vumbi.

Watu husema chuo kikubwa kinamgeuza mwanafunzi kuwa namba. Upo ukweli. Mwaka wa kwanza kozi moja ilikuwa na mamia ya watu. Ukichelewa unakaa kwenye ngazi, daftari juu ya goti, na mhadhiri anakujua kwa namba ya usajili tu. Lakini upweke sikuuona hata siku moja, kwa sababu kulikuwa na kimbweta, ile meza ya saruji yenye viti vyake ambapo wanafunzi husomea nje.

Chetu kilikuwa chini ya mti, saruji yake imemeguka pembeni, na tulikuwa sita, walewale, kuanzia mwaka wa kwanza hadi tunamaliza. Mwezi wa Sita na wa Saba upepo wa Dodoma unavuma kama umetumwa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kukandamizia madesa, zile karatasi za nukuu za masomo. Hapo ndipo tulipofundishana. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa tulichanga unga, mmoja anapika mlenda, tunakula sahani moja. Mwenzetu alipopata sapu, mtihani wa kurudia, ya takwimu tulirudi naye kwenye mada ya kwanza kabisa, wote sita, mpaka akavuka. Sijaona tena upendo wa namna ile, na kazini sasa ni mwaka wa nne.

Hata hivyo kimbweta hichohicho ndicho kilichotufungia. Miaka mitatu nilikula, nikasoma na kusali na watu wa kozi yangu. Madaktari watarajiwa walikuwa kilima kingine, nawaona wakipanda daladala na makoti yao meupe mkononi. Wa madini na wa hisabati sikumjua hata mmoja. Hakuna aliyetuwekea geti. Tulikuwa na sababu zetu: ni mbali, jua kali, nauli hakuna.

Mwaka wa tatu kompyuta yangu ilizima siku mbili kabla ya kukabidhi ripoti ya utafiti. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja kwenye ndaki ya watu wa kompyuta. Nilimkuta ameketi nje, bisibisi ndogo mdomoni, vipande vya kompyuta ya mtu mwingine vimepangwa juu ya kanga ili skrubu zisipotee. Akaanza kufungua ya kwangu huku ananiuliza naandika nini. Nikamwambia: bei ya zabibu kwa wakulima wadogo.

Akacheka kidogo, akasema, "Dada, mama analima zabibu Mpunguzi. Ulienda kumuuliza nani?"

Nilikuwa nimewauliza wauzaji wa mjini. Sura yangu ya nne ilisema wakulima wanapata bei ndogo kwa kukosa taarifa za soko. Akanieleza, taratibu, bila kunidharau, kwamba mama yake anaijua bei kuliko mimi. Shida ni kwamba zabibu hazingoji. Zikiiva zinaiva kwa watu wote pamoja, mara mbili kwa mwaka, na mwenye shamba hana pa kuzihifadhi. Mnunuzi akitaja bei, utakubali au utaziangalia zikioza. Akampigia mama simu palepale. Niliongea naye karibu saa nzima, nikiandika nyuma ya karatasi ya mtu.

Sura ya nne niliiandika upya usiku ule. Ndiyo sehemu pekee ya ripoti ile ninayoweza kuisoma leo bila kuona haya.

Kinachoniuma ni hesabu. Kijana yule alikuwa pale muda wote nilipokuwa pale. Ni wangapi wengine? Mtoto wa mfugaji wa Kongwa, mtoto wa mchimbaji, mtoto wa muuguzi, wote juu ya vilima vilevile, na kila mmoja amekaa na sita wake. Kila mwezi narejesha mkopo wa elimu, asilimia 15 ya mshahara, na silalamiki, deni ni deni. Ila nikiuona ule mkato kwenye karatasi ya mshahara nawaza kwamba nililipia vilima vyote nikaishi kwenye kimoja.

Mdogo wangu amepangiwa Chimwaga mwaka huu. Jana amenipigia kuniuliza abebe nini. Nimemwambia ndoo mbili, koti la mwezi wa Sita, na raba nzuri za kutembelea. Hizo raba nitamnunulia mwenyewe.