Ndege kuukuu ya injini moja huku kwetu nyanda za juu: umri sio shida, shida ni kulala

Shemeji yangu wa Mafinga, mtu wa mbao, kanipigia juzi na swali moja tu: kuna Cessna 172 ya mwaka 1974 inauzwa, aichukue au aiache? Hesabu yake anaiona nyepesi. Dar kwa gari inamlia siku nzima, na lori likilala pale mlima Kitonga ndo na wewe umelala, halafu bei ya hiyo ndege haizidi Land Cruiser mpya. Mi nimeshika spana za ndege ndogo miaka mingi na bado nilishindwa kumjibu kwenye simu, ndo maana nimekaa naandika.

Nianze na wanaocheka kwamba eti ndege ya miaka 50. Wanaocheka hawajui kwamba ndege ndogo nyingi zinazoruka duniani leo ziko kwenye umri huohuo. Hiyo 172 ilianza kuuzwa 1956, zimetoka kiwandani zaidi ya 44,000, ila mwaka 1986 Cessna walisimamisha kutengeneza kwa sababu kesi za fidia kule Marekani zilikuwa zinawamaliza, wakarudi 1996 baada ya sheria ya 1994 kusema kiwanda hakishtakiwi tena kwa ndege ndogo iliyopita miaka 18. Kwa hiyo kuna pengo la miaka kumi, na zile za zamani ndo zimebeba soko. Mpya leo inapita dola laki nne. Nani Iringa ananunua hiyo?

Na mashine yenyewe ni ya kuheshimika, nisiwe mnafiki. Bodi ya bati, mafuta yanateremka yenyewe toka kwenye mbawa bila pampu, kila silinda ina plagi mbili na magneto (kifaa kinachojitengenezea umeme wa cheche) ni mbili, yaani hata betri ikifa angani injini haina habari. Spea zipo. Fundi aliyesoma akaelewa ataijua mpaka mifupa. Ukinunua ya 1974 bei yake ilishashuka zamani, ukija kuuza baada ya miaka mitano unaweza usipoteze kitu, jambo ambalo ile Land Cruiser haikuahidi.

Sasa tuje kwenye ardhi yetu. Uwanja wa karibu na shemeji ni Nduli, uko kama futi 4,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa mwezi wa kumi joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajisikia iko zaidi ya futi 7,000. Injini isiyo na taba (turbo, ile ya kuisukumia hewa ndani) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, sasa zile farasi 150 ulizolipia piga hesabu mwenyewe zimebaki ngapi, na hapo propela nayo inakata hewa nyembamba na mbawa zinashika hewa nyembamba. Umbali wa kukimbia mpaka uinuke unakaribia mara mbili ya ule wa pale Dar. Songwe huku Mbeya ni hivyohivyo, kama futi 4,400, bahati yake njia ya kurukia ni ndefu hasa. Rubani aliyejifunzia pwani akija huku na mazoea yake, miksicha (mkono wa kupima mafuta yanayochanganyika na hewa) kaisukuma mpaka mwisho kama alivyofundishwa kule, mafuta yanazidi hewa, injini inakohoa na yeye hajui kwa nini.

Halafu siti nne zile ni za picha. Ndege ya aina hiyo inaruhusiwa kupaa na kilo 1,043 jumla, yenyewe tupu ni kama 620, ukijaza mafuta imeondoka kilo mia na kidogo, kinachobaki ni watu wanne wembamba wasio na hata begi. Na hiyo ni ruhusa ya kitabu, saa saba mchana Nduli mi nakwambia wawili na mkoba. Shemeji peke yake ni mtu na nusu.

Kuna na njia yenyewe. Kwa mstari ulionyooka Nduli mpaka Dar ni kama kilomita 390, masaa mawili umefika, tamu kweli. Ila mstari ulionyooka unakupitisha kando ya milima ya Udzungwa, na 172 injini ikizima inateleza kama mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka, ukiwa futi 3,000 juu ya miti una kilomita 8 za kutafuta uwanja, na pale chini ni msitu. Mi ningefuata barabara na mto Ruaha hata kama naongeza dakika ishirini. Ukungu wa Mufindi sitauongelea sana, wenyeji mnaujua, nitasema tu kwamba kabureta inaweza kushika barafu ndani hata nje kukiwa nyuzi 15 na unyevu, na wengi hawaamini mpaka wasikie injini inashuka sauti taratibu.

Lakini yote hayo yanafundishika. Kinachoua hizi ndege huku kwetu ni kukaa.

Niliwahi kufungua injini ya Lycoming, aina hiyohiyo iliyo kwenye 172 ya 1974, ya bwana mmoja, ndege ilikuwa haijaruka miaka miwili. Na alikuwa anajitahidi eti, kila Jumamosi anakuja anaiwasha dakika kumi, anasikiliza, anazima, anaenda kula nyama. Kemshafti ya Lycoming, yaani ule mtaimbo unaofungua valvu, iko sehemu ya juu ndani ya injini, oili yote inateremka inaiacha uchi, na zile dakika kumi za chini zinatengeneza mvuke wa maji ndani ambao oili haijapata moto wa kutosha kuukausha. Nilivyofungua kemshafti ilikuwa na vishimo vya kutu kama uso wenye ndui. Bora angeiacha. Nyigu walikuwa wamejenga kwenye bomba la kupimia spidi, panya nao ndani ya mbawa, ila hayo ni madogo.

Na hesabu nayo inagoma kwa ndege inayolala. Kuijenga upya injini ile ni dola 30,000 na zaidi. Mtengenezaji anataka ifanyike kila saa 2,000 AU miaka 12, kinachotangulia. Ukimaliza saa zote, kila saa ya kuruka imebeba dola 15 za injini. Shemeji akienda Dar mara moja kwa mwezi anaruka kama saa 54 kwa mwaka, miaka 12 inamkuta na saa 650 tu, kila saa imebeba dola 46. Hapo bado bima, bado kibanda cha kuilaza, bado ukaguzi wa kila mwaka ambao haujali uliruka au hukuruka. Kwa mfano kuna agizo la mamlaka ya anga ya Marekani la tangu 1987 la kukagua reli za siti za Cessna, maana zikilika siti inarudi nyuma wakati wa kupaa na rubani anaivuta ndege juu. Ya bei rahisi hiyo, ila ikipuuzwa ni msiba.

Mafuta nayo. Hizi zinakunywa avgas, petroli ya ndege, zile za bluu zenye madini ya risasi, kama lita 30 na kitu kwa saa. Akikosea akawekewa Jet A-1, ile ya ndege kubwa, injini inakufa punde tu baada ya kupaa. Na Marekani wanalenga kuachana na risasi ifikapo 2030, mbadala mmoja uliidhinishwa kule 2022, sasa kwa mtu anayenunua leo ndege ya kutumia miaka 15 hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa.

Wapo watakaosema basi abebe abiria ijilipe. Hapana! Leseni ya rubani binafsi hairuhusu nauli, nukta.

Kwa hiyo jibu langu: akiwa peke yake, asinunue, bora tiketi. Wakiwa wanne wanaopeana zamu wakafika saa 200 kwa mwaka, zile saa 2,000 zinaisha ndani ya miaka kumi, kutu haipati nafasi, na hapo ya 1974 ni mali. Nimemwambia hivyo jana usiku. Kasema wawili ameshawapata, wa nne ni mtu wa chai ambaye tayari anabishana funguo italala kwa nani.