Mkusanya saini za wanasiasa si chawa

Donald Trump alipodai Machi 2025 kwamba misamaha iliyotolewa na Joe Biden ni batili kwa sababu ilitiwa saini na mashine, watu wengi ndiyo kwanza walisikia kuwa mashine ya namna hiyo ipo. Wakusanyaji wa saini za wanasiasa hawakushtuka. Wamekuwa wakihangaika nayo tangu enzi za John F. Kennedy, barua moja baada ya nyingine.

Naanza na hilo kwa sababu uraibu huu umepakwa matope mengi. Anayemwandikia waziri au seneta kumwomba saini huonekana chawa, mtu wa kujikomba kwa wakubwa. Au huonekana mlanguzi anayesubiri mheshimiwa afe ili bei ipande. Lawama hizo hazikuzuka hewani. Wapo wanaotuma barua ileile kwa wabunge chungu nzima, kila mmoja akiambiwa kuwa yeye ndiye shujaa wa pekee wa mwandishi, na wanaozifungua ni makarani wanaolipwa kwa kodi. Fedha nazo zipo. Button Gwinnett, mmoja wa waliosaini Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776, alikufa mwaka uliofuata kwa jeraha alilolipata katika pambano la bastola, hivyo saini zake zilizosalia ni chache mno. Mwaka 2010 moja iliuzwa kwa dola 722,500. Kama huko ni kujipendekeza, mnunuzi anajipendekeza kwa nani?

Mkusanyaji makini, hata hivyo, hatosheki na jina. Anataka barua. Oktoba 1860 msichana wa miaka 11 alimwandikia Abraham Lincoln, aliyekuwa akigombea urais, akamshauri afuge ndevu. Lincoln alimjibu kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza kama watu hawataona ni kujishaua, maana hajawahi kufuga. Hakuahidi lolote. Alipoondoka Springfield Februari 1861 kwenda kuapishwa, ndevu zilikuwa zimeshaota. Hakuna hotuba ya Lincoln itakayokuonyesha upande huo wake, na tunaujua kwa kuwa karatasi zile zilipata watu wa kuzitunza.

Turudi kwenye mashine, maana hapo ndipo wakusanyaji wanapoonewa zaidi. Mashine hushika kalamu halisi yenye wino halisi, na mkono wake hufuata kiolezo kilichotengenezwa kutokana na saini ya mwenyewe. Kupima wino hakukusaidii kitu. Kinachoiumbua ni ukamilifu wake: chukua saini mbili, ziweke moja juu ya nyingine mbele ya taa, utaona zinalaliana barabara, wakati binadamu hasaini mara mbili sawasawa. Mgandamizo wa kalamu nao haupandi wala haushuki. Lakini ili uone hivyo lazima uwe na barua kadhaa za mtu mmoja, zilizotumwa kwa watu wasiofahamiana. Ofisi iliyozituma haina sababu ya kuzilinganisha. Mkusanyaji anayo.

Kwani kuna ubaya gani mashine ikisaini? Kisheria, pengine hakuna. Wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani walishaeleza mwaka 2005 kwamba rais anaweza kumwelekeza msaidizi amwekee saini kwenye muswada, hata kwa mashine. Lakini mwaka mmoja kabla, Desemba 2004, Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa nchi hiyohiyo, alikiri kwamba barua za rambirambi kwa familia za wanajeshi waliouawa, zilizokuwa zimeshapita 1,000, hakuzisaini zote mwenyewe. Maneno aliyaidhinisha yeye. Saini ilifanana na yake. Hata hivyo wafiwa walijiona wamedharauliwa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki: walichonyimwa ni zile sekunde chache ambazo waziri angekaa na jina la marehemu mbele yake.

Kuna atakayenikumbusha kisa cha Gordon Brown. Mwaka 2009, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alimwandikia kwa mkono mama wa mwanajeshi aliyeuawa Afghanistan, akakosea jina la familia. Mashine isingekosea, kweli. Ila kwa kosa lile Brown alilazimika kupiga simu, na kwenye simu ile mama alimbana waziri mkuu mwenyewe kuhusu upungufu wa helikopta. Mimi bado nachagua barua yenye kosa.

Hoja inayonisumbua ni ya watunza nyaraka: barua iliyofungiwa kwenye droo ya mtu binafsi imepotea kwa mwanahistoria. Sheria ya Marekani ya 1978 ilifanya kumbukumbu rasmi za rais kuwa mali ya umma, lakini barua uliyotumiwa wewe ni yako. Soko la siri pia huwafuga waghushi. Mghushi Joseph Cosey aliiga mwandiko wa Lincoln kwa ustadi hadi karatasi zake za kughushi nazo zikawa na wanunuzi. Dawa ya yote mawili ni mkusanyaji kuipa maktaba nakala safi ya kila alichonacho, pamoja na maelezo ya mtu aliyempa au kumuuzia. Na asitupe barua za mashine. Wengi huzichana kwa hasira wakishagundua, ilhali hizo ndizo zitakazowekwa mbele ya taa siku barua inayofuata itakapotiliwa shaka.