Tunachora Kamera, Hatuishiki

Yai moja, karatasi moja nyeupe, dirisha moja, picha thelathini. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani ya wiki ya pili katika darasa la mwanzo la picha za dijitali, sekondari ya kawaida ya serikali hapa Minnesota, Marekani. Hakuna kuwasha taa wala fleshi. Mwanafunzi azunguke yai, asogee, arudi nyuma, ainame, avute pazia nusu. Chini kabisa ya karatasi kuna agizo ambalo limenifanya niandike haya: leta zote thelathini, pamoja na zilizoharibika.

Pamoja na zilizoharibika! Ndugu zangu, ni lini shuleni kwetu Tanzania mtu aliambiwa alete alichoharibu? Sisi tuna daftari safi la kupeleka kwa mwalimu na daftari la rafu la kuficha chini ya dawati.

Kamera sisi tunaijua kwa kuichora. Fizikia, mada ya mwanga: sanduku, lenzi mbele, kiwambo chenye tundu, shata (kipazia kinachofunguka kwa muda mfupi kupitisha mwanga), filamu nyuma, na taswira miguu juu kichwa chini. Miale ikatane vizuri, rula itumike, penseli iwe imechongwa. Mtoto wa Kitanzania anauchora mchoro huo, tena na majina yote kwa Kiingereza, anapata maksi zake, na anamaliza kidato cha nne hajawahi kufungua wala kufunga tundu la lenzi yoyote. Nasema kwa fahari kabisa kwamba kwa nadharia hiyo watoto wetu wako vizuri sana. Ndiyo maana inauma zaidi.

Hapa mtoto anaanza na mkoba. Ndani mna kamera ya daraja la chini, ya aina ya Canon Rebel T7 au Nikon D3500, lenzi ya milimita 18 hadi 55, betri, chaja, memori kadi na mkanda. Anasaini yeye, anasaini na mzazi. Mkanda unavaliwa shingoni kabla kifuniko cha lenzi hakijatoka. Kadi inafomatiwa ndani ya kamera yenyewe, na haichomolewi wakati kitaa kinamemeta, kwa sababu kamera bado inaandika na faili litaharibika. Kitufe kina hatua mbili: unabonyeza nusu, kamera inavuta fokasi ili picha iwe kali, halafu unamalizia kwa upole. Anayekidunga kwa kidole kama kengele ya baiskeli anaitikisa kamera nzima.

Baada ya hapo zinakuja hesabu, na hesabu hizi tunazijua. Namba ya f, inayoonyesha ukubwa wa tundu, ni urefu wa fokasi ya lenzi ugawanywe kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/8 ina tundu la milimita 6.25. Ukienda f/5.6 tundu linakuwa karibu milimita 9, na eneo lake linakuwa maradufu, kwa hiyo mwanga unaoingia ni maradufu. Ndiyo sababu namba zinaruka 4, 5.6, 8, 11, 16: kila moja ni ya nyuma yake mara 1.4, na 1.4 ni karibu kipeuo cha pili cha 2. Wanafunzi wengi hapa wanazikariri kutoka kwenye kadi iliyobandikwa ukutani. Mtoto wetu wa kidato cha tatu, aliyechapwa na eneo la duara tangu darasa la sita, angezikokotoa ubaoni na kuelewa kwa nini ziko hivyo. Jua kali lisilo na wingu, ISO 100 (ISO ni namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga): tundu f/16, shata sehemu moja ya mia ya sekunde. Fungua hadi f/11, shata iende 1/200. Fungua hadi f/8, iende 1/400. Mwanga ni uleule, ila kwenye f/8 ukungu wa nyuma umeongezeka na mtu anayekimbia amesimama hewani bila kutikisika.

Sasa, kujua hesabu hiyo hakumzuii mtu kuharibu. Mwanafunzi anapiga ndani ya ukumbi kwa ISO 6400, kesho anatoka nje juani bila kuirudisha, na picha zote zinatoka na chengachenga kama mchanga, nyingine zimeungua kabisa. Au anaiachia kamera ijiamulie kila kitu darasani, kamera inachagua shata ya 1/20, na nyuso zote zinakuwa na vivuli viwili. Kanuni ya mkono ni rahisi: kwenye kamera hizi zenye kihisi kidogo (kihisi ndicho kinachopokea mwanga badala ya filamu), lenzi ikiwa imevutwa hadi 55, usishuke chini ya 1/100, ukishuka, egemea ukuta au weka kamera juu ya kitu. Mwingine anataka nyuma kuwe na ukungu, anafungua tundu lote, na bado ukuta unaonekana tofali kwa tofali. Kosa lake ni kwamba amemsimamisha mwenzake akiwa ameegemea ukuta huohuo. Vuta lenzi hadi 55, msogelee mtu, na umtoe ukutani mita tatu au nne. Hakuna kitabu kinachomfundisha mtu hilo haraka kama picha mbaya aliyoipiga mwenyewe, na darasa la yai limejengwa juu ya jambo hilo.

Wiki ya theluji ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watoto wanatoka nje, kila kitu ni cheupe, wanapiga, wanarudi na theluji ya kijivu kama shuka lililofuliwa pamoja na suruali nyeusi. Kipima mwanga cha kamera hakijui theluji. Kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kina wastani wa kijivu cha kati, kwa hiyo weupe ukizidi kinapunguza mwanga. Dawa ni kitufe cha kuongeza na kupunguza: ongeza hatua moja na nusu, wakati mwingine mbili (kila hatua ni mwanga maradufu), na theluji inarudi kuwa theluji. Somo hilohilo kwetu lina jina lingine, nalo ni kanzu. Kanzu ya Ijumaa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, Unguja au Lamu, inatoka kijivu kwa sababu ileile. Shati jeupe la sare ya shule nalo hivyohivyo, na uso ulio juu ya shati hilo unazama gizani.

Hapo kwenye uso nitakaa kidogo. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Kadi zenye sura za watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Harusi ngapi za wazazi wetu zimebaki na meno na macho tu? Kamera za leo zimeboreka sana, lakini kipima mwanga bado kinahitaji mtu anayejua. Uso mweusi ukiwa mbele ya anga jeupe au pazia jeupe, ongeza hatua moja. Uso huohuo ukijaza picha nzima, kamera itadhani kuna giza na itazidisha, ngozi itatoka kama imepakwa majivu; hapo punguza theluthi mbili ya hatua. Mtoto wa Mbagala ana haki ya kujua mambo haya mawili kabla ya mtoto yeyote wa Minnesota, maana ni uso wake.

Najua mnachosema. Huyu kaenda majuu, kashiba, sasa anatuambia tununue kamera wakati kuna shule watoto wanakaa chini. Nisikilizeni vizuri. Sijasema tununue kamera. Kazi ya yai inahitaji yai, karatasi, dirisha na simu moja ya mwalimu. Na baadhi ya simu tunazotumia zina sehemu iliyoandikwa Pro. Isipokuwepo, Open Camera ni programu ya bure ya Android, na kwenye simu zinazoruhusu inakupa shata na ISO mkononi. Kitu kimoja lazima kielezwe wazi: tundu la lenzi ya simu, kwa simu nyingi, halibadiliki. Limefungwa kwenye namba moja, tuseme f/1.8, na ule ukungu wa nyuma kwenye picha za watu ni hesabu za programu, ndiyo maana unakata masikio na nywele. Kwa hiyo kwa simu unafundisha shata na ISO kwa vitendo, na tundu unalifundisha ubaoni kwa mchoro wetu uleule wa fizikia. Mchoro hatimaye unapata kazi.

Kikundi cha watoto watano, simu moja. Mmoja anamimina maji kutoka kwenye jagi kwenda kwenye sufuria, nje, kwenye kivuli chenye mwanga. Shata 1/1000, ISO ipande hadi picha ionekane: matone yanasimama kama shanga. Kisha simu iegemezwe kwenye tofali mbili, shata 1/15, ISO ishuke hadi mwisho: maji yanakuwa uzi mmoja wa hariri. Picha ya pili ikiungua, mmejifunza kwamba ISO ina sakafu yake na lazima mhamie kwenye kivuli kizito zaidi, hata ndani ya chumba. Halafu uso. Msimamishe mtu ndani ya mlango, hatua moja kutoka kizingitini, akitazama nje. Mpiga picha akae nje. Mwanga wa anga unamfikia usoni kwa upole na chumba nyuma yake kinabaki cheusi. Mwenzake ashike karatasi ya manila nyeupe usawa wa kifua, ailaze kidogo, na vivuli vya chini ya kidevu na macho vinafunguka. Kiroba cheupe cha unga kilichotandazwa kinafanya kazi hiyohiyo. Kabla ya yote, zima kile kipengele cha urembo. Kinalainisha ngozi na mara nyingi kinaing'arisha, na mtoto atajifunza uongo tangu somo la kwanza.

Mwingine ataniambia simu za siku hizi zinajua zenyewe. Zinajua wastani. Haziwezi kujua kwamba wewe ulitaka kanzu iwe nyeupe. Mwingine atasema picha ni kazi ya waliofeli. Huyo ndiye ananichosha kuliko wote. Mohamed Amin alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na kamera ya kisanduku, Box Brownie, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilizunguka dunia nzima. Studio ya Capital Art pale Mji Mkongwe imehifadhi sura za Wazanzibari tangu miaka ya 1930. Mlipokwenda kupiga pasipoti saizi, mlipomlipa mtu wa picha kwenye sendofu, mlimpa fedha nani? Tumeandika mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kwenye mtaala, na bado tukimwona kijana ana kamera shingoni tunamuuliza lini atapata kazi.

Halafu huo mwanga wenyewe tunaouchezea. Hapa mwezi wa Desemba jua la saa sita mchana huwa nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo wa macho. Mwanga umelala siku nzima, mtoto anapiga saa yoyote na uso unatoka vizuri, ila vidole vimeganda na betri inapungua nguvu kwa baridi. Kwetu saa sita jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo, na anayepiga saa hizo anailaumu simu bure. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni, huo ni mwanga ambao watu wanapanda ndege kuufuata. Jioni uwahi, maana karibu na ikweta giza halibembelezi: dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama, kwisha.

Jambo moja zaidi la hapa ningelibeba kwenye sanduku kama ningeweza. Ijumaa picha zinabandikwa ukutani na kila mtoto anasema anachokiona kwenye picha ya mwenzake. Neno "nzuri" haliruhusiwi, na "mbaya" haliruhusiwi. Anasema: jicho langu limekwenda kwenye ndoo nyekundu pembeni kabla ya uso. Anasema: mwanga unatoka kushoto lakini mtu ameugeuzia mgongo. Mwenye picha anasikiliza, hajitetei, anaandika, anakwenda kupiga tena. Mtaniambia watoto wetu wana adabu, hawawezi kumkosoa mwenzao mbele ya mwalimu. Mbona kwenye kiswahili wanachambua shairi, mizani na vina, na hakuna anayetukanwa? Ni kazi ileile.

Na kama hata simu ya mwalimu haipo, jua lipo. Wote tumekaa chini ya bati lenye tundu la msumari tukaona viduara vya mwanga sakafuni. Vile viduara ni picha za jua. Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa kule Mbeya, popote palipokuwa na tundu dogo mwanga ulichora pete. Chukua darasa ambalo madirisha yake yanatazama kiwanja chenye jua. Ziba yote kwa maboksi na nailoni nyeusi, na mlango pia, hadi usiuone mkono wako. Kata tundu moja, upana wa kidole kidogo. Shika manila nyeupe hatua mbili kutoka kwenye tundu, na mkae kimya dakika tano, macho yazoee giza. Tundu likiwa kubwa mno, taswira inang'aa lakini ina ukungu. Libane kwa karatasi, inakuwa kali na hafifu. Watoto wenyewe wabane na kuachia, wabishane ipi ni bora. Pale kwenye manila utaona mwembe wa uwanjani, rangi zote, na mlingoti umesimama kichwa chini, bendera inapepea kuelekea ardhini.