Ukweli Kuhusu Ule Ujumbe wa "wwwwwwwww"

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye katika mchezo wetu wa kompyuta ndiye mganga wa kikosi, ameshaisambaza video ya jinsi kikosi chetu kilivyoangamia mchezoni, na kwa kuwa wengi wenu mmeshaitazama na kuniletea vicheko hata kabla ya salamu, ninalazimika kutoa maelezo yangu kabla toleo lake halijawa historia rasmi. Yeye anadai kwamba nilimchokoza bosi, yaani yule adui mkuu wa handakini, kwa uroho, nikitaka kuiwahi hazina kabla ya wenzangu. Huo ni uzushi mtupu. Kilichotuua ni adabu yangu, na nitalithibitisha hilo herufi kwa herufi.

Mnaonifuata mnajua kwamba tangu nipate upinde wangu wa kwanza wa maana, nimekuwa nikiwagawia wanagenzi wa mchezo huu ushauri ambao hawakuuomba. Siku ya tukio nilikuwa nimewakusanya watatu: tanki, ambaye kazi yake ni kupigwa kwa niaba yetu sote, mpiga panga mmoja mwenye haraka isiyo na kifani, na mchawi ambaye hadi wakati huo alikuwa akiuza vitu vyake vya thamani kwa mchuuzi wa kwanza aliyekutana naye. Wa tano alikuwa rafiki yangu mganga, ambaye alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, ili kunisikiliza nikifundisha. Nilipaswa kushtuka pale pale, kwa maana huyu bwana hajawahi kunisikiliza hata siku moja.

Tulishuka handakini vizuri. Mbele ya mlango wa chumba cha bosi nikawasimamisha na kutoa hotuba, na kusema kweli hotuba yenyewe ilikuwa nzuri. Hata leo sirudishi nyuma neno lake hata moja. Niliwaeleza kwamba bosi hapigi ovyo, bali anaweka hesabu ya kila anayemuumiza na kila anayewaponya wanaomuumiza, kisha humwendea yule aliyemkera kuliko wote. Kwa hiyo tanki ndiye aanze, sisi wengine tutulie mpaka hasira yote ya bosi imwelekee yeye mwenye ngao na vazi la chuma, kwa sababu mrusha mishale anayewahi kupiga hujikuta amegeukiwa akiwa amevaa ngozi laini. Niliwaambia wasisimame mbele ya mdomo wake wala karibu na mkia, na kwamba wakiona sakafu inawaka moto watoke hapo hata kama wamebakiza pigo moja, maana wanagenzi wengi hawauawi na bosi. Wanauawa na sakafu. Nikawakataza kuwasha mwenge, kwa sababu kando ya ukuta wa kulia wamelala walinzi wa mifupa ambao huamshwa na mwanga. Zaidi ya yote, nikasema, asiguse mtu kitu chochote kabla mganga hajasema yuko tayari. Mganga asiye na mana, yaani nguvu za kichawi anazoponyea, ni mtazamaji tu.

Mganga akaandika kwamba mana yake imekwisha na kwamba anakaa chini kunywa maji ili irudi. Tanki akaandika kwamba anaondoka kidogo kwenye kompyuta, atarudi sasa hivi. Mimi nikambonyeza bosi ili mstari wa damu yake, yaani kipimo cha uhai wake, uonekane na niwaonyeshe wanafunzi wangu unene wake. Sasa hapo, ndugu zangu, bosi akawa ndiye shabaha yangu. Likumbukeni jambo hilo.

Mpiga panga akaanza kusogea kuelekea mlangoni, hatua moja, kisha nyingine, kama asemaye kwamba anatazama tu. Nikaona nimkanye mapema, na nimkanye kistaarabu, mbele ya wenzake. Nikaamua kuandika: "Tafadhali msianze, mganga hana mana."

Kwa faida ya wasiocheza: kibodi ya mchezo wa namna hii ina maisha mawili. Ukibonyeza Enter, kisanduku cha mazungumzo kinafunguka na herufi zinakuwa herufi. Kisanduku kikiwa kimefungwa, kila herufi ni amri. Katika ule mchezo wa kale wa MUD, ulioanzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, jambo hili lisingemtokea mtu kwa namna hii, kwa kuwa kila tendo liliandikwa kwa maneno, na hapakuwa na picha yoyote ya kukuaibisha. Sisi wa leo tuna picha. Kidole changu kilibonyeza Enter mara mbili kwa mpigo: ya kwanza ikakifungua kisanduku, ya pili ikakifunga. Nami sikuliona hilo, kwa sababu ninapoandika hutazama kibodi wala si skrini, natumia vidole viwili, na kila kitufe nakigandamiza kama karani agongaye mhuri.

Twende taratibu, kwa kuwa video mnayo na mnaweza kunifuatisha.

T. Katika mchezo wetu T ni kushambulia. Mshale wangu ukatoka, ukapita juu ya kichwa cha mpiga panga aliyeganda kwa mshangao, ukampata bosi katikati ya kifua. Mimi wakati huo nilikuwa naitafuta A.

A ikanigeuza kushoto. F ikawasha mwenge. Ndiyo, mwenge ule ule. A ikanigeuza tena kushoto, D ikanirudisha kidogo kulia. Kisha ikaja H, ambayo niliipangia mimi mwenyewe ishara ya kupunga mkono, kwa imani kwamba mchezaji mstaarabu ni yule anayesalimia. Kwa hiyo bosi alipokuwa akiinuka kutoka katika kiti chake cha enzi, mimi nilikuwa nimempa ubavu, mwenge mkononi, nikipunga mkono huku nyuma yangu walinzi wa mifupa wanafumbua macho. A, kushoto tena. L ikafungua daftari la kazi. I ikafungua mkoba. Nilikuwa nimemaliza "tafadhali", na nakumbuka kabisa nilivyojisikia: mtulivu, mwalimu, mtu anayeheshimiwa.

Kitufe cha nafasi ni kuruka. Nikaruka.

M ikafungua ramani, ikaifunika skrini nzima. S ni kurudi nyuma, na kwa uzito wa kidole changu nikarudi nyuma si hatua moja bali tatu nne hivi. Kwa kuwa sasa nilikuwa natazama kushoto, nyuma yangu palikuwa ndipo ulipo ukuta wa kulia, yaani kitandani kwa walinzi wa mifupa. I ikafunga mkoba. A. N ikafungua ukurasa wa vipaji, labda ili nichague kipaji kingine maishani. Z ikaurudisha upinde wangu mgongoni, kwa sababu Z ni kuweka silaha. E ikanisogeza pembeni, na hapo nikawa nimesimama katikati ya kundi, bila silaha, ramani ikiwa usoni.

Mkato haufanyi kitu. Naushukuru.

Neno "mganga" ndilo lililomaliza kazi. M ikaifunga ramani, na kama ningeinua macho kwa sekunde hiyo moja ningeuona uso wa bosi umejaa skrini yote, lakini nilikuwa naitafuta G. G humtuma chui wangu kushambulia. Chui akaondoka kwa utii, akapita katikati ya walinzi, akafika mpaka chumba cha ndani ambako hatukupanga kufika siku ile. A. N ikafunga vipaji. G ya pili humwita chui arudi, naye akarudi akiongozana na kila alichokikuta huko. Nafasi, nikaruka. H, nikapunga mkono tena. Mchawi, ambaye alikuwa bado hai, anasema kwamba hapo ndipo alipoamini kuwa yote haya ni mbinu ya hali ya juu ambayo hajaifikia. N ya "hana" ikafungua vipaji, nafasi ikanirusha juu mara ya mwisho, M ya "mana" ikarudisha ramani, N ikafunga vipaji. Nikamaliza sentensi, nikaweka nukta, nikabonyeza Enter kwa kidole cha mtu aliyeridhika.

Ile Enter, bila shaka, ndiyo iliyofungua kisanduku.

Nikainua macho. Niliona ramani, na juu yake daftari la kazi likinikumbusha kwamba kazi yangu ya siku hiyo ni kumuua bosi. Pembeni, mistari ya damu ya wenzangu ilikuwa inapungua kwa kasi, na wangu ulikuwa umebaki kama kope. Nikafanya kile ambacho mchezaji yeyote angefanya: nikabonyeza W ili nikimbie. Sikusogea. Nikaigandamiza W kwa nguvu zaidi, nikabaki nimeishikilia, nikimwomba mhusika wangu aondoke. Hakuondoka, kwa kuwa safari hii herufi zilikuwa herufi. Nilipokata tamaa nikabonyeza Enter, na hivyo kikosi kizima, katika dakika yake ya mwisho duniani, kikapokea kutoka kwa kiongozi wake maagizo yafuatayo: "wwwwwwwww".

Mganga alifia palepale alipoketi, kikombe cha maji mkononi. Tanki alirudi kwenye kompyuta yake akajikuta mzimu makaburini, akauliza kama amekosa jambo lolote.

Yaliyofuata hayana maana. Tulitembea kama mizimu kuirudia miili yetu, mavazi yetu yote yakahitaji fundi, dhahabu ikatoka, na jioni ikaishia hapo.

Wapo wanaonilinganisha na Leeroy Jenkins, yule wa video maarufu ya mchezo wa World of Warcraft ya mwaka 2005, aliyekurupuka na kuingia chumbani huku wenzake bado wanapanga mikakati. Ulinganisho huo naukataa. Leeroy alikimbia kwa miguu yake na kulitaja jina lake kwa sauti kuu, na zaidi ya hayo waliotengeneza video ile walikuja kusema wenyewe kwamba lilikuwa igizo. Langu halikuwa na mwongozaji. Nikitafuta wa kufanana naye, heri nimchukue Richard Garriott, muundaji wa Ultima Online, ambaye mwaka 1997, katika majaribio ya mchezo wake mwenyewe, alijitokeza mbele ya umati akiwa mfalme Lord British, mhusika aliyekusudiwa asife. Seva ilikuwa imeanguka na kuwashwa upya, kinga yake haikuwa imerudishwa, na mchezaji mmoja akamrushia moto kutoka katika hati ya kichawi. Mfalme akafa mbele ya raia zake. Yule ni mfalme, na mimi ni mrusha mishale mwenye vidole viwili. Ninaomba nihurumiwe kwa uwiano huo huo.

Nimekaa na kulichunguza shtaka la uroho kwa makini. Mtu mroho asingeandika "tafadhali". Mtu mroho, au tuseme mtu asiye na malezi, angeandika "Subirini" na kunyamaza, na neno hilo halina T, halina F, halina G wala Z. Nimelijaribu nikiwa peke yangu mahali pasipo na bosi: mhusika anarudi nyuma kidogo, anafungua mkoba na kuufunga, anafungua vipaji, kisha anaufungua mkoba tena, basi, na kila mtu anaendelea kuishi. Mganga anasema utetezi huu unanizidishia aibu. Mpiga panga naye ameandika katika daftari lake la mbinu kwamba "wwwwwwwww" ni ishara ya kuanza mashambulizi, na sasa wanagenzi ambao sijawahi hata kukutana nao wanaitumia kila mara wanapoingia handakini. Nilimtaka mganga aifute video. Akakubali, kwa sharti kwamba nilipie matengenezo ya mavazi ya kikosi chote. Nikalipa. Akaifuta, kisha akapandisha nyingine iliyo ndefu zaidi, ambayo ina muziki.

Kwa wale wanaouliza kwa nia njema wafanye nini ili yasiwapate: ingieni katika mipangilio ya vitufe, mwondoe amri ya kushambulia kwenye herufi na kuipeleka kwenye tarakimu au kwenye kitufe cha kipanya, na mwondoe pia lolote linalowasha mwenge. Mimi nimeshafanya hivyo. T sasa haifanyi kitu, G haifanyi kitu, naweza kuandika barua nzima kisanduku kikiwa kimefungwa na asijeruhiwe mtu. Ila jana tanki aliingia akaanza vizuri kabisa, akaikusanya hasira yote ya bosi kama nilivyomfundisha, akatuita tupige, akatuita mara ya pili, na akafa huku mimi bado naitafuta tarakimu niliyoupeleka mshale.