Ng'ombe wangu, maziwa yao, na zizi nilipie mimi?

Jumamosi mama kanipigia: "Mwanangu, hawa watu wa benki wamenikata tena." Akaunti yenyewe alifunguliwa ili alipwe hela ya korosho. Tangu msimu uishe hajaweka wala hajatoa. Nikamwomba anisomee meseji. Ada ya mwezi 2,500, na VAT asilimia 18 juu yake. Kutoka 21,000 salio limebaki 18,050. Kwa kazi gani? Kukaa tu.

Najua mtaniambia benki si sadaka. Haya, ATM zina gharama, walinzi wanalipwa. Yaishe.

Lakini hebu piga hesabu. Weka milioni moja kwenye akaunti ya akiba inayotoa asilimia 3. Mwaka mzima unavuna 30,000. Sasa zidisha ile 2,500 mara miezi 12: 30,000 hiyo hiyo, na VAT hatujaigusa. Wakati huo milioni yako haijalala. Ukitoa kile kipande ambacho benki hulazimika kukiweka Benki Kuu, nyingine imekopeshwa kwa asilimia 15 au zaidi, kwa jirani yako mwenye duka. Pengo hilo ndilo linalowalisha. Hela ni yangu, riba ni yao, na ulinzi nalipia mimi!

Wakenya waliwahi kulibana pengo. Mwaka 2016 sheria yao ilisema riba ya mkopo isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Benki zikakimbilia kuikopesha serikali, mwenye kibanda akafungiwa mlango, na Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Kwa hiyo sisemi tuige. Ninachosema ni kwamba pengo likibanwa, benki hutafuta pa kufidia, na makato ndiyo yaliyo karibu na mkono. Na likitanuka je? Nani amewahi kupata meseji ya "Mpendwa mteja, faida imekuwa nono, tumekupunguzia ada"? Mimi huletewa za heri ya Krismasi.

Tozo za serikali kwenye miamala ya simu za 2021 tulizipigia kelele mpaka zikapunguzwa. Makato haya ya benki tunayameza kimya, eti ni "utaratibu".

Nilimshauri mama aifunge. Jumatatu kaenda, kapanga foleni, kaambiwa kufunga nako kuna ada. Akarudi zake nyumbani.

"Acha waile," kaniambia. "Ikiisha itajifunga."